Miezi mitatu juu ya baiskeli isiyokwenda: nilivyotazama na nilivyosikiliza darini, Lamu

Siku baiskeli yangu ya mazoezi ilipofika kutoka Mombasa, ilishushwa gatini pamoja na magunia ya vitunguu na magodoro, kisha hamali wawili wakaiinua na kuipitisha vichochoroni hadi nyumbani kwetu Langoni, kila mmoja akiilaani kwa namna yake walipofika kwenye kona. Ami yangu, aliyekuwa ameketi barazani, aliitazama kwa muda mrefu, akaona kwamba gurudumu lake ni moja na kwamba haligusi chini, akauliza: "Baiskeli isokwenda, mwanangu, yakupeleka wapi?" Sikuwa na jibu siku hiyo, na baada ya wiki mbili nilitambua kwamba swali lake lilikuwa limegusa kasoro kubwa kuliko zote za chombo hiki. Mtu anayetembea kwa miguu hadi Shela huona bahari, huona mashua, humpisha punda, na kilomita zake tatu humwishia bila kuzihesabu. Mtu aliye juu ya baiskeli isiyokwenda huona ukuta na saa, na saa yenyewe huonekana kusimama.

Chombo chenyewe hakihitaji maneno mengi. Ni cha mitumba, kilinigharimu shilingi 14,000 pamoja na usafiri, pedeli zake ni imara, kiti chake ni kigumu, na hewa ya chumvi imeanza kukitia kutu kwenye usukani ingawa ninakifuta kwa mafuta ya cherehani kila Ijumaa. Ninachotaka kukitathmini hapa ni kile ambacho hakuna muuzaji anayekitaja, nacho ni burudani ya kuujaza ule muda wa dakika 30 ambao mwili unafanya kazi na akili haina la kufanya. Kwa miezi mitatu nimejaribu karibu kila kitu kinachopatikana katika nyumba ya kawaida ya Lamu: televisheni, video za walimu wa mazoezi, muziki wa aina nne au tano, redio, na mwisho jambo ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nikiandika daftarini umbali ulioonyeshwa na mita ya baiskeli kila siku, kwa hiyo hukumu yangu haitokani na kumbukumbu pekee.

Wasomaji wa bara huenda wakauliza kwa nini mkazi wa mji wa kale, ambao vichochoro vyake havipitishi gari, asitembee tu. Ninatembea, tena kila siku, nikiwa na kikapu mkononi. Lakini kutembea kwa mwendo wa kuutoa moyo jasho, ukiwa ndani ya buibui, ukipita baraza kumi na moja ambazo kila moja ina mtu aliyekusomesha au aliyesoma na mama yako, ni jambo lisilowezekana kwa heshima. Salamu moja huzaa nyingine, habari za wagonjwa hufuata, na ukifika ufukweni moyo umetulia kuliko ulivyokuwa ulipotoka nyumbani. Daktari alikuwa ameniambia kwamba sukari yangu imeanza kupanda, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kiasi kwa wiki. Niligawa hizo 150 kwa siku tano, nikachagua muda ulio baina ya sala ya alasiri na magharibi, nikaanza.

Televisheni ilikuwa ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayomjia kila mtu akilini. Nyumba zetu za mawe zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti hazivuki upana unaozidi takriban mita tatu, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba kama mtumbwi. Baiskeli ililazimika kukaa sambamba na ukuta, televisheni ikawa upande wa kushoto, nami nikawa ninaendesha huku shingo imepinda kama mtu anayechungulia harusi ya jirani. Hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni tamthilia zenyewe. Zile za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zina ufundi mkubwa wa kumkamata mtu, na ufundi huo ndio uliokuwa adui wa miguu yangu: barua ikianza kufunguliwa, miguu ilipunguza mwendo, mke wa kwanza akisimama mlangoni, miguu ilisimama kabisa. Daftari linaonyesha kilomita 9 kwa nusu saa siku za tamthilia, ilhali siku ambazo sikuwa na burudani yoyote nilipata 10. Aidha, televisheni ya sebuleni haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Mavyaa wangu alivuta kiti siku ya tatu ili tutazame pamoja, siku ya nne akaja na chai, na siku ya tano nilijikuta nimekaa kitako kando yake nikila mahamri, na baiskeli imeanikwa khanga. Kwa tamthilia ninatoa alama ya juu kabisa, lakini kwa mazoezi ninaipa mbili kwa kumi.

Video za walimu wa mazoezi ni biashara ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Jane Fonda, mwigizaji wa filamu wa Marekani, alitoa kanda yake ya kwanza ya mazoezi mwaka 1982, na wanaojaza simu zetu leo wanafuata mtindo uleule wa kusimama mbele ya kioo na kuhesabu kwa sauti ya furaha. Nilizijaribu kwa siku sita. Mazoezi yake ni mazuri, hasa yale ya kutembea palepale ulipo, ambayo hayataki chombo chochote wala nafasi kubwa kuliko mkeka mmoja. Tatizo ni kwamba si burudani. Mwalimu anaporudia kwa mara ya mia kwamba ninaweza, nami ninajua kuwa ameyasema hayo kwa watu milioni asiowajua, sioni tofauti kubwa kati yake na saa ya ukutani. Picha ya kiwango cha kawaida, isiyo na ubora wa juu, hula takriban MB 700 kwa saa, na kwa mtu anayenunua bando kwa kupima, hiyo ni gharama ya kila siku isiyokuwa na sababu. Sauti peke yake, hata iliyo safi ya kbps 128 (yaani kilobiti 128 kwa sekunde), haifiki MB 60 kwa saa. Hesabu hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye picha, na sikujuta.

Nikaihamisha baiskeli juu darini, chini ya makuti, mahali penye upepo na penye ukuta mrefu uliojengwa makusudi ili wanawake wa nyumba wasionwe na majirani. Huko ndiko muziki ulikoingia.

Kuhusu muziki kuna elimu ya kweli. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ambaye amelichunguza suala hili kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba muziki humfanya mtu ahisi kazi ni nyepesi kuliko ilivyo, mradi mazoezi yawe ya kiasi; mwili ukikazwa mno, masikio hupoteza nguvu hiyo na pumzi huwa ndiyo muziki pekee unaosikika. Mapigo yanayotajwa mara nyingi kuwa yanafaa ni 120 hadi 140 kwa dakika. Kwa baiskeli hesabu yake ni rahisi: ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, miguu miwili imesukuma mara 120, kwa hiyo kila pigo la ngoma lina mguu wake. Nilipopata nyimbo za Bongo Fleva zenye mwendo huo, nilifika kilomita 11 bila kujilazimisha. Chakacha ilinifaa zaidi siku nilizoacha baiskeli na kushika kamba ya kuruka, kwa kuwa mdundo wake unamrusha mtu hata asipotaka. Kamba, hata hivyo, haikudumu. Sakafu ya juu ni dari ya chumba cha chini, na mavyaa alituma mtoto kuniuliza kama tumevamiwa.

Taarabu ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi watakaosoma haya watakuwa wanaipenda kama ninavyoipenda mimi. Sisi tuliokulia katika mji alikozaliwa Zein l'Abdin, mpiga udi asiyehitaji kuelezwa, hatuwezi kuisikia taarabu kama sauti ya kupitisha muda. Wimbo wake ni mrefu, dibaji ya ala peke yake yaweza kukuchukua robo ya mazoezi, na mwendo wake ni wa mtu aliyekaa. Lakini kikwazo kikubwa zaidi ni mafumbo. Mshairi anapotaja mwewe, ua au chombo kilichokwama mwambani, akili yangu huacha kila kitu na kuanza kutafuta ni nani aliyepigwa kijembe, na miguu hungoja jibu pamoja nayo. Kisha kuna kuimba. Wataalamu wa afya wana kipimo chepesi cha mazoezi ya kiasi: unapaswa uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Mimi nilikuwa nikiimba wimbo mzima, pamoja na viitikio, pamoja na kupandisha sauti mwishoni, na jirani ng'ambo ya wikio, kile chumba kinachovuka kichochoro kwa juu, akiniitikia. Hapo hakukuwa na mazoezi yoyote. Kulikuwa na taarabu. Nimeibakiza kwa dakika tano za mwisho za kunyoosha viungo, na mahali hapo haina mpinzani. Taarabu ya kisasa ina kasi zaidi na huenda ikamfaa mwingine, ila mimi mipasho hunichekesha, na kucheka juu ya kiti kile chembamba ni hatari.

Kasida niliiacha kwa sababu ya adabu. Dufu lina mwendo unaofaa sana, na nilikiri hivyo mbele ya ami, ambaye hakunikataza, ila aliuliza kama ningeweza kumsikiliza mtu anayemsifu Mtume huku nikipangusa kwapa. Sikurudia.

Burudani iliyonishangaza kuliko zote ni mpira wa redioni. Sina ushabiki, ni mwanangu aliyeacha redio ndogo darini Jumamosi moja, nami sikuwa na nguvu ya kushuka kubadilisha chochote. Mtangazaji wa mpira kwa Kiswahili hana budi kukichora kiwanja kizima kwa mdomo, na kasi ya maneno yake hupanda na kushuka pamoja na mpira wenyewe. Mpira ukiwa katikati, sauti hutembea. Winga akianza kukimbia, sauti hukimbia. Na miguu, bila kuombwa, hukimbia nayo, kisha mpira ukitoka nje wote watatu tunapumua. Baadaye nilielezwa kwamba walimu wa mazoezi huuita mtindo huo wa kukaza na kulegeza kuwa ni mafunzo ya vipindi, na kwamba watu hulipa ili wapigiwe filimbi ya kuwaambia lini wakaze. Mimi nilipata bure kutoka kwa mtu aliyekuwa akihangaika na kona ya Uingereza. Siku hiyo daftari liliandikwa kilomita 12.4, na hadi leo rekodi hiyo haijavunjwa. Tena kipindi kimoja ni dakika 45, kwa hiyo mtu hapati kisingizio cha kushuka mapema kabla hajajua matokeo ya mapumziko.

Mpira una kasoro zake nazo si ndogo. Ligi ya Uingereza hufungwa Mei na kufunguliwa Agosti, na moyo wa mtu hauna likizo ya namna hiyo. Mechi za saa tisa alasiri kwa saa za London huanza huku kwetu saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi chao, na hilo linafaa. Lakini wao wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, mechi ileile huanza saa kumi na mbili, na magharibi huingia Lamu kabla kipindi cha kwanza hakijaisha. Na mpira wenyewe ni wa Jumamosi na Jumapili hasa, nami ninahitaji siku tano. Ninaupa nane kwa kumi, huku nikisikitika kwamba haupatikani Jumatatu.

Taarifa ya habari nitaitaja kwa ajili ya kumwonya msomaji tu. Miguu ya mtu aliyesikia habari za dunia kwa dakika kumi mfululizo huwa mizito kama ya aliyebeba mchanga.

Nilikuwa nimefika hapo, nikiwa na muziki kwa siku za kawaida na mpira kwa Jumamosi, niliposoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, pamoja na wenzake wawili. Waliwapa watu vitabu vya kusikiliza vyenye hadithi za kuvutia, lakini kundi moja liliruhusiwa kuvisikiliza ndani ya ukumbi wa mazoezi peke yake. Chombo chenye hadithi kilifungiwa humo. Mtu aliyetaka kujua kilichompata shujaa ilimbidi avae viatu aende. Mwanzoni kundi hilo lilihudhuria mazoezi kwa asilimia 51 zaidi ya wale ambao hawakupewa chochote, na wale walioachiwa hadithi zao na kushauriwa tu wajizuie walizidi kwa asilimia 29. Jambo hilo liliniingia moyoni kwa sababu lilinieleza kosa langu. Nilikuwa ninatafuta burudani ya kunisaidia nikishapanda baiskeli, ilhali shida yangu kubwa ilikuwa ni kupanda. Wimbo ninaoupenda ninaweza kuusikia jikoni, dukani, hata kwenye simu ya mwenye mashua. Hauna sababu ya kunipandisha ngazi mbili jioni yenye joto la kaskazi.

Nikatafuta hadithi za kusikiliza kwa Kiswahili. Nilizozipata zilikuwa chache, nyingine zimesomwa kwa sauti ya mtu anayesoma risiti, na nyingi zilikuwa fupi mno kunifikisha kesho. Ilikuwa ni ami, baada ya kunisikia nikilalamika, aliyesema kwamba hadithi ndefu ipo ndani ya nyumba. Ana utenzi ulioandikwa na babu yake kwa herufi za Kiarabu, unaosimulia safari ya jahazi moja, nahodha aliyekufa baharini, na mzozo wa mabaharia juu ya nani ashike usukani. Nilikuwa nimewahi kuusikia vipande nikiwa mtoto, sikuwahi kuufikia mwisho. Tulikubaliana kwamba atanirekodia kwa simu, sehemu moja kila siku, naye atanitumia alasiri. Nami nikaapa kwamba sitaufungua ujumbe huo mahali pengine popote isipokuwa juu ya kiti cha baiskeli.

Hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulipanga. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani 8. Ami hasomi kama mtangazaji. Anaghani kama alivyoghani babake, polepole, kila silabi ikipewa haki yake, na kwa mghano huo kipande kimoja huchukua karibu sekunde nne. Pedeli zikizunguka mara 60 kwa dakika, katika sekunde nne miguu husukuma mara nane. Kila mizani ilikuwa na mguu wake. Sikuhesabu mimi, miguu ndiyo iliyogundua, na siku ya pili nilipotazama mita ndipo nilipoona kwamba mwendo wangu haukupanda wala kushuka kwa nusu saa nzima, jambo ambalo muziki wa simu haujawahi kunipa, kwa kuwa nyimbo hubadilika mwendo kila baada ya dakika tatu. Kina cha mwisho wa ubeti, kile kinachorudi kilekile tangu mwanzo wa utenzi hadi tamati, hulia kama kengele ya chombo, na mtu akiisikia hujua kwamba amevuka wimbi jingine. Ukiondoa pumzi zake na kikohozi chake, nusu saa inachukua beti 100 na kitu. Nadhani wazee waliotunga kwa vipimo hivi walikuwa wakifikiria makasia na kutwanga zaidi ya kuketi kitako, ingawa ami hakubaliani nami.

Na hadithi yenyewe inafanya kazi yake. Ami ana ujanja wa kukata mahali pabaya. Siku aliyoishia pale ambapo serahangi, msimamizi wa mabaharia, anachukua ufunguo wa sanduku kutoka shingoni mwa maiti, sikulala vizuri, na kesho yake nilikuwa darini kabla alasiri haijapoa. Katika wiki tano za utenzi nilikosa siku mbili tu, zote za mazishi. Katika wiki zilizotangulia nilikuwa ninakosa siku mbili kila wiki. Kilomita si nyingi kama za mpira. Zinabaki kwenye 11 na pointi kidogo. Lakini kilomita 11 zinazopatikana kila siku zinazidi 12.4 za Jumamosi, na kwa sababu hiyo burudani hii ninaipa tisa.

Ninaizuilia moja kwa haki. Kwanza, si kila mtu ana ami mwenye utenzi, ingawa nina hakika kwamba katika Lamu, Pate na Siyu nyumba zenye makaratasi ya aina hiyo ni nyingi kuliko tunavyokiri, na wenye sauti za kuyasoma wanapungua. Asiye na utenzi anaweza kumwomba bibi yake amrekodie ngano, mradi akubali kuikata vipande. Pili, lugha ya zamani ina maneno yanayonisimamisha. Mara mbili nilishuka kwenye baiskeli kwenda kuuliza, na ami akanijibu kwamba maana yake iko mbele. Tatu, kiapo changu ni changu mwenyewe na sina mlinzi. Siku moja nilifungua ujumbe jikoni nikikuna nazi, nikasikia beti tano, na jioni ile ngazi za darini zilikuwa ndefu sana.

Maneno machache kuhusu vifaa, kwa kuwa burudani ya masikio hutegemea kinachoingia masikioni. Hedifoni zangu za kwanza zilikuwa za waya, na waya ulinaswa na pedeli siku ya kwanza. Za pili hazikuwa na waya, nilizinunua kwa shilingi 2,500 katika duka nisilotaka kulitaja, na zikafa upande mmoja baada ya siku kumi na mbili za jasho. Niliporudi nazo, muuzaji alizinusa, akasema ni maji ya bahari. Anayenunua atafute maandishi ya IPX4 au zaidi kwenye boksi, alama inayomaanisha kwamba zinastahimili matone yanayorushwa kutoka pande zote. Nami sasa ninazo za aina hiyo na hazijanipa tabu. Ninachomeka sikio moja tu. La pili nimeliachia adhana, mlango, na mtoto anayetumwa na bibi yake. Kuhusu sauti, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na watangazaji wa mpira wa redioni ndio wanaoshawishi kupandisha, si ami. Spika ndogo niliyoijaribu kabla ya hedifoni ilikuwa na sauti safi, ila dari za Lamu zimepakana mno. Majirani wawili walianza kuufuatilia utenzi, mmoja akaniuliza njiani kwa nini jana nilianza kwa kuchelewa, na punda wa nyumba ya nyuma alikuwa na desturi ya kulia kila nahodha alipotaka kusema jambo la maana.

Sijamwambia ami sehemu ya mwisho ya ule utafiti wa Pennsylvania. Mafanikio ya wale wasikilizaji yalififia kadiri wiki zilivyopita, na mapumziko ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, ambapo ukumbi ulifungwa na watu wakaenda kwao, ndiyo yaliyowavunja hasa. Waliporudi, hadithi ilikuwa imepoa. Mimi nina Ramadhani mbele yangu. Ami amekwisha kusema kwamba mwezi huo sauti yake ni ya darsa na tarawehe, si ya baiskeli, nami nimemwomba anirekodie mapema beti za mwezi mzima ili niziweke bila kuzifungua na kuzisikiliza usiku baada ya futari kutulia tumboni. Mpaka leo amerekodi za siku nne, na jahazi bado halijaona nchi kavu.